Kengele Iliyogongwa kwa Huruma

Hebu tulia kidogo, uione picha hii. Ni asubuhi, jua linaanza kuchungulia. Uko kwenye stesheni ndogo iliyo mwisho kabisa wa reli, mahali panapoitwa Lukwambe. Jukwaa limefagiwa vizuri. Saa ya ukutani inaonyesha saa kumi na mbili na robo, na ratiba iliyobandikwa chini yake inasema kwamba treni ya kwenda Njiapanda huondoka muda huohuo.

Treni haipo. Na abiria hata mmoja hayupo.

Sasa geuza macho uangalie majumbani. Katika nyumba hii mama amekwisha kufunga mzigo wake wa mboga. Katika nyumba ile msichana amevaa sare, amefunga kamba za viatu, mkoba uko mgongoni, naye ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Wote wametega sikio. Wanangoja kengele.

Kengele hiyo ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo mbele ya ofisi ya mkuu wa stesheni. Mkuu huyo aliitwa Mzee Mhando. Yeye alikuwa mkuu, karani, mfagiaji na mgonga kengele, kwa kuwa wafanyakazi wengine wote walikuwa wamehamishwa.

Miaka kumi na miwili nyuma, alipofika Lukwambe mara ya kwanza, Mzee Mhando alimwona mama mwenye kichanga akiingojea treni kwenye mvua saa mbili nzima. Jambo lile lilimchoma. Akasema, "Haitatokea tena mtu angoje hapa bure." Tangu siku ile akaweka utaratibu wake mwenyewe. Treni ikipita Kisimani, stesheni ya jirani, mwenzake wa kule humpigia simu. Hapo ndipo huchukua nyundo na kuigonga kengele. Watu hutoka majumbani, hutembea dakika kumi, na wakifika jukwaani huikuta treni ndiyo inaingia.

Treni ikichelewa nusu saa, kengele nayo huchelewa nusu saa. Treni ikichelewa saa mbili, kengele hunyamaza saa mbili.

Watu wa Lukwambe wakampenda sana Mzee Mhando. Kulikuwa na watoto wanne pale waliopewa jina lake.

Je, umeliona kosa? Usijali kama bado. Hata wao hawakuliona.

Watoto arobaini na mmoja wa Lukwambe walisoma sekondari kule Njiapanda. Lango la shule lilifungwa saa moja na nusu, na kipindi cha kwanza kila siku kilikuwa hesabu. Treni ingefuata ratiba, wangefika saa moja kamili wakiwa na muda hata wa kunawa uso. Lakini treni iliwafikisha saa mbili na nusu, siku nyingine saa tatu. Walikuta kipindi kimekwisha, wakakabidhiwa mafyekeo wakafyeke nyasi kwa kosa la kuchelewa.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, walikuwa wameshindwa hesabu. Walimu wakasema, "Watoto wa Lukwambe ni wazito." Wazazi nao wakaamini. Na mtoto akiitwa mzito miaka mitatu mfululizo, huanza hata kutembea kama mzito.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Tunu. Alikuwa kidato cha nne, na mtihani wake wa mwisho ulikuwa Novemba. Mama yake, Siwema, alifyatua matofali kando ya mto. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mikono yake ilikuwa na udongo hata siku za sikukuu.

Jambo moja zaidi ulijue. Magari yalifika Lukwambe wakati wa kiangazi tu. Mvua zikianza, mto ulikata barabara, na njia pekee ya kutoka ilikuwa reli. Mtoto asiye na treni hakuwa na shule.

Siku moja ya Septemba, gari jeupe likasimama mbele ya stesheni saa kumi na mbili asubuhi. Akashuka Bwana Kalinjuma, Mkaguzi Mkuu wa reli, akiwa na daftari kwapani. Akasimama jukwaani. Ikafika na robo. Ikafika na nusu. Ikafika saa moja. Alichokiona ni kuku wawili na Mzee Mhando.

"Abiria wako wapi?" akauliza.

"Wako majumbani, bwana. Treni haijapita Kisimani. Ikipita nitagonga kengele, watakuja mbio."

"Kwa hiyo hawangoji."

"Hawangoji kabisa, bwana," Mzee Mhando akajibu kwa fahari. "Miaka kumi na miwili hajangoja mtu hapa."

Mkaguzi akaandika kitu. "Treni imechelewa, hilo naliona. Lakini imemchelewea nani? Lete kitabu cha malalamiko."

Mzee Mhando akakileta. Kilikuwa kisafi kama siku kilipotoka kiwandani. Mkaguzi akafunua kurasa tatu nyeupe, akakifunga, akaenda garini. Akarudi na karatasi na pini nne, akaibandika ukutani kwa mkono wake.

Karatasi ilisema hivi: Treni ya asubuhi ya Lukwambe haina abiria kwa muda wa ratiba. Itaondolewa baada ya siku thelathini, isipokuwa ukaguzi wa pili uonyeshe vinginevyo.

"Utarudi lini, bwana?" akauliza Mzee Mhando, na fahari yote ilikuwa imemtoka.

"Siku sisemi. Nikija saa ya ratiba nikakuta jukwaa limejaa, treni itabaki. Nikikuta kuku, basi."

Gari likaondoka. Nusu saa baadaye simu ya Kisimani ikalia, kengele ikagongwa, na watu mia mbili wakamiminika jukwaani wakicheka na kusalimiana. Walipoisoma ile karatasi, kicheko kikakatika.

Siwema aliisoma mara mbili. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikwenda dirishani kwa Mzee Mhando.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Tunu. Umeona balaa?"

"Nimeona. Kuanzia kesho, naomba ugonge kengele saa kumi na mbili kamili."

Mzee Mhando akamshangaa. "Saa hiyo treni itakuwa bado Njiapanda!"

"Najua."

"Watu watakuja wakute reli tupu. Watanitukana."

"Watatukana, ndiyo. Leo hawajatukana, na treni inaondolewa."

"Mwanangu, kengele hii niliiweka kwa huruma."

"Najua, baba, na Mungu akulipe. Lakini huruma yako imetuficha. Mtu amekuja kututafuta, ametukosa."

 Mzee Mhando aliitazama nyundo yake kama mtu anayetazama mbwa wake mpenzi aliyemng'ata jirani.

Kesho yake, saa kumi na mbili kamili, kengele ikalia. Watu wakatoka mbio, wengine na mswaki mdomoni. Wakakuta reli tupu, inang'aa kwa umande.

Wa kwanza kufoka alikuwa Kibwana, kinyozi aliyesafiri kila siku kwenda kunyoa watu sokoni Njiapanda. "Mama Tunu! Umetutoa majumbani tuje kuhesabu mataruma ya reli? Nimeacha chai yangu inafuka!"

"Chai hupashwa moto, Kibwana," Siwema akamjibu. "Treni ikishaondolewa haipashwi."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikushibisha. Walingoja saa moja na dakika arobaini. Jukwaa halikuwa na hata kiti, maana yale mabenchi ya zamani yalikuwa yamehamishwa pamoja na wafanyakazi. Wazee walichuchumaa. Watoto waliegemea ukuta. Treni ilipofika, dereva aliona umati wa watu wenye nyuso zilizokunjwa, akadhani kuna msiba.

Siku ya pili wakaja nusu yao. Siku ya tatu wakaja kumi na wawili.

"Kwani wengine wanapandaje treni, kama hawaji kengele ikilia?" Siwema akajiuliza. Siku hiyo akasikiliza kwa makini. Alipoisikia simu ya Kisimani ikilia, akamwona Mzee Mhando akitoka polepole, akitazama huku na huku. Akainua nyundo akaigonga kengele kidogo tu, ngo, ngo, ngo, kama anayebisha hodi chumba cha mgonjwa. Na papo hapo watu wakaanza kumiminika kutoka majumbani.

"Mzee Mhando! Unagonga mara mbili!"

"Hiyo ya pili ni ndogo tu, mwanangu."

"Ndogo? Ndiyo wanayoingoja!"

"Nilimwonea huruma bibi Kidawa na miguu yake inayomuuma."

Siwema akamshika mkono. Sauti yake haikuwa ya ukali, lakini haikutetemeka. "Baba, bibi Kidawa tutambeba. Tunu wangu ana wiki saba tu. Kila unapogonga hiyo ndogo, unamwambia mkaguzi kwamba hatupo. Chagua moja. Ama utufiche, ama utuonyeshe."

 Kwa miaka kumi na miwili Mzee Mhando hakuwahi kumkosesha mtu treni. Akaingia ofisini. Siku ya nne, simu ya Kisimani ilipolia, nyundo ilibaki mezani.

Treni iliingia, ikawachukua kumi na wanne waliokuwapo, ikaondoka. Kibwana, aliyeshtuliwa na mngurumo wake, alitokea mbio dakika ileile, mashine ya kunyolea mkononi, akaliona behewa la mwisho likimpa mgongo. Nyuma yake walikuwa wenzake zaidi ya mia. Maneno aliyotukanwa Mzee Mhando siku hiyo siwezi kuyaandika hapa, maana watoto wanasoma. Mmoja wa wale waliompa mtoto jina la Mhando alitangaza kwamba atambadilisha jina.

Mzee Mhando alisimama mlangoni akayapokea yote. Walipochoka, akawaambia, "Treni imechelewa saa moja na nusu. Mimi nimegonga saa kumi na mbili. Kama mna hasira, na mnayo haki, leteni kalamu, kitabu hiki hapa." Akawawekea kitabu cha malalamiko juu ya dirisha.

Siku hiyo kitabu kilipata uchafu wake wa kwanza. Na siku ya tano, kengele ilipolia, jukwaa lilijaa.

Lakini kungoja ni kazi ngumu. Siwema hakuizoea. Mikono yake ilikuwa haijui kukaa bure. Siku moja akaja na toroli la matofali na ndoo ya udongo, akachagua mahali chini ya ukingo wa paa, akavuta uzi.

"Unajenga nini, mama?" Tunu akamuuliza.

"Sijui bado. Robo saa ikipita bila treni, nitaweka tofali moja. Na zile siku zilizopita nitazilipia leo. Tuone itakuwa nini."

Ikawa desturi. Mzee Mhando alitazama saa ya ukutani na kupaza sauti, "Robo!" Mtu mmoja akatoa tofali, Siwema akapaka udongo, akaliweka, akaligonga kwa mpini wa mwiko. "Robo!" La pili. Watu wakaacha kununa. Wakaanza kugombea zamu ya kutoa tofali.

Watoto nao hawakukaa bure. Mzee Mhando alikuwa ameishi na ratiba maisha yake yote, na hesabu za treni alizijua kichwani. Akachukua chaki akaandika kwenye sakafu ya jukwaa. "Haya, wanangu. Treni imetoka Njiapanda saa kumi na moja na nusu. Inakwenda kilomita arobaini na tano kwa saa. Njia ni kilomita thelathini. Itafika Lukwambe saa ngapi?"

"Haifiki!" Kibwana akajibu kutoka nyuma.

Jukwaa zima likaangua kicheko. Lakini Tunu alikuwa amepiga goti, kidole kikitembea sakafuni. "Saa kumi na mbili na dakika kumi," akasema polepole. "Kumbe ni rahisi hivi?"

"Ni rahisi," akasema Mzee Mhando. "Nani alikwambia ni ngumu?"

Tunu akafikiri. "Hakuna aliyeniambia ni ngumu. Waliniambia mimi ndiye mzito."

Siku zikapita. Mvua za vuli zikaanza, mto ukafurika, barabara ikakatika. Asubuhi ya siku ya kumi na tisa, dakika chache kabla ya saa kumi na mbili, watu wa nyumba za karibu walisikia mngurumo mdogo relini. Haikuwa treni. Kilikuwa kiberenge, kile kigari kidogo cha ukaguzi kinachotembea juu ya reli. Juu yake, nyuma ya dereva, aliketi Bwana Kalinjuma, koti la mvua limemfunika mpaka masikioni. Kikaegeshwa njia ya pembeni.

Mzee Mhando alimwona. Hakugonga mapema kwa hofu wala hakuchelewa. Saa ilipofika kumi na mbili kamili, akapiga.

Wakaja. Wakaja na miavuli, na mifuko ya plastiki kichwani, na majani ya migomba. Bibi Kidawa alikuja mgongoni kwa Kibwana, akimchapa begani na kumwambia aongeze mwendo. Ilipofika na robo, Mkaguzi alikuwa amehesabu watu mia mbili na sita.

Akafunga daftari, akatabasamu. "Nimeona kwa macho yangu. Mmefaulu. Treni haitaondolewa."

Shangwe zikalipuka. Vigelegele vikapigwa. Ni Siwema peke yake aliyeendelea kukoroga udongo kwenye ndoo.

"Mama, hukusikia?" Mkaguzi akamwuliza. "Nimewaachia treni yenu."

"Nimesikia, bwana. Umetuachia treni ipi?"

"Hiyo ya saa kumi na mbili na robo."

Siwema akainua macho akatazama saa ya ukutani, kisha akatazama reli. "Iko wapi?"

Vigelegele vikakoma.

"Mama, shukuru kwa ulichopata," Mkaguzi akasema. "Wengine tumewafungia kabisa. Nyinyi nimewasamehe."

"Umetusamehe kosa gani?" Siwema akanyanyuka, mwiko mkononi. "Ulitupa mtihani wa kufika kwa wakati, tumeufanya. Siku kumi na tisa tunaufanya. Wewe karatasi yako bado ni nyeupe."

Mkaguzi akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Akageuka kuelekea kwenye kiberenge chake.

Mzee Mhando, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumwambia bosi hapana, akasimama mbele yake. "Samahani, bwana. Kiberenge hakiwezi kutoka."

"Kwa nini?"

"Njia ni moja. Kanuni inasema treni ya abiria ikiwa inangojewa, njia ni yake. Chochote kingine kisubiri mpaka ifike."

"Kanuni hiyo naijua. Niliiandika mimi."

"Ndiyo, bwana. Sahihi yako iko chini yake."

Mkaguzi akatazama mvua. Akatazama watu mia mbili na sita, nao wakamtazama. Hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemgusa. Walikuwa wanangoja tu, kama kila siku. Mwisho akasogea chini ya paa akaketi kwenye benchi la matofali lililokuwa pale, refu, lililonyooka.

"Benchi zuri," akasema, ili kuondoa ukimya. "Shirika lilituma fundi lini?"

"Hilo mmelijenga nyinyi, bwana," akasema Siwema. "Mimi nimetoa mikono tu. Kila tofali ni robo saa mliyotuchelewesha tangu ulipobandika karatasi yako. Mpaka jana ni matofali mia moja ishirini na manane. Umekalia ucheleweshaji wako."

Bwana Kalinjuma aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Akasimama. Lakini mvua ilikuwa inanyesha pande zote, na pakavu pa kukaa palikuwa palepale. Baada ya muda akaketi tena, taratibu.

"Robo!" akaita Mzee Mhando. Tofali moja likawekwa, karibu na goti la Mkaguzi. "Robo!" La pili.

Ilipofika saa moja kamili, tofali la tatu limewekwa, Mkaguzi hakuweza kuvumilia. Akaingia ofisini akainua simu. Simu ile ilikuwa ya zamani, na sauti yake ilisikika mpaka jukwaani.

"Hapa Lukwambe," akasema kwa ukali. "Treni iko wapi?"

Msimamizi wa Njiapanda akadhani ni Mzee Mhando. "Aa, mzee wangu, nawe siku hizi umeanza haraka? Treni yako iko hapa. Kichwa chake nimekiazima, kinasukuma mabehewa ya saruji. Wafanyakazi wanakunywa chai. Wewe tulia. Kwenu huko hakuna anayengoja."

"Mimi nangoja."

"Wewe nani?"

"Kalinjuma. Mkaguzi Mkuu."

  Ile sauti ikajaa adabu ghafla. "Shikamoo, bwana. Lakini... hili ni agizo lako, bwana. Liko hapa ukutani mbele yangu, uliliandika miaka minane iliyopita. Linasema, 'Treni ya Lukwambe isipewe kipaumbele. Haina abiria wanaongoja wala malalamiko.' Nisome mpaka mwisho, bwana?"

Jukwaani hakucheka mtu. Hata Kibwana hakucheka.

Bwana Kalinjuma alisimama na simu sikioni. Kupitia dirishani aliona kitabu cha malalamiko, kimevimba kwa wino na vidole. Aliona msichana amepiga magoti sakafuni na chaki, akikokotoa hesabu huku mkoba uko mgongoni.

"Lichane," akasema.

"Nini, bwana?"

"Hilo agizo. Lichane. Nataka nisikie."

Na watu mia mbili na sita wakasikia, kupitia simu ile mbovu, sauti ya karatasi ikichanika kule Njiapanda.

"Sasa rudisha kichwa cha treni."

Treni ilifika saa mbili kasoro dakika kumi. Matofali yalikuwa yamefika mia moja thelathini na manne. Mkaguzi alimwambia dereva wa kiberenge afuate nyuma, yeye mwenyewe akapanda behewani pamoja na abiria, akasimama kama wengine waliosimama. Na waliposhuka Njiapanda, sijui ni nini kilichomvuta, akawafuata watoto mpaka kwenye lango la shule.

Mwalimu wa zamu alikuwa anawangoja, mafyekeo yamepangwa ukutani. "Lukwambe! Kama kawaida yenu. Chukueni."

Tunu akachukua fyekeo moja. Akalitazama. Kisha akageuka, akapiga goti kidogo kwa heshima, na kwa mikono miwili akamkabidhi Mkaguzi Mkuu wa reli.

"Shikamoo, bwana. Nadhani hili ni lako."

Mwalimu wa zamu alifumbua mdomo kumkemea, lakini Bwana Kalinjuma akainua mkono. Akavua koti la mvua. "Waache waingie darasani, mwalimu," akasema. "Hawa hawakuchelewa. Niliyechelewa ni mimi." Akaanza kufyeka. Wanaosimulia wanasema hakujua kufyeka, na sehemu ile ya nyasi ilikaa vibaya mwezi mzima.

Usidhani kwamba baada ya hapo treni ilifika kwa wakati kila siku. Hadithi za namna hiyo ni za kubembelezea watoto walale. Ilifika kwa wakati siku nyingi, na siku nyingine ilichelewa. Siku iliyochelewa, Siwema alikuja na tofali, na kitabu kilifunguliwa. Benchi lilikwisha kukunja kona. Kengele iliendelea kugongwa saa kumi na mbili kamili, treni iwepo isiwepo, na Mhando wale wanne waliendelea kuitwa Mhando.

Jumatatu ya kwanza ambayo watoto wa Lukwambe waliwahi kipindi cha hesabu, mwalimu aliingia darasani, akatoka, akasoma tena jina la darasa mlangoni. Madawati hayakutosha. Wiki chache baadaye Tunu alifanya mtihani wake. Hakuwa wa kwanza. Alipata alama za kumtosha kuendelea na masomo, na hakuna aliyemwita mzito tena, kwa sababu yeye mwenyewe hakuitika.

Kama unamjua mtu ambaye leo ameketi kwenye kigoda, mkoba mgongoni, akingoja kengele ya huruma, mpelekee hadithi hii.

Funzo: Anayeficha kosa ili usiumie leo, hulilea likuumize kesho, kwa hiyo timiza wajibu wako kwa wakati, kisha simama mahali unapoonekana udai haki yako bila kuomba radhi. Na ukisahau mengine yote, nakuomba ukumbuke hili moja tu: anayengoja kimya ndani ya nyumba huhesabiwa kuwa hangoji.